Seneta wa Kajiado na Ardhi ya Kisaju

Tangu Seneti iliporudishwa nchini Kenya, watu wa Kisaju, pamoja na wenzao wa Kitengela, Isinya na wilaya nzima ya Kajiado, walimchagua Bw. Peter Mositet mwaka 2013, wakamchagua Bw. Philip Mpaayei mwaka 2017, na Bw. Samuel Seki mwaka 2022. Hata hivyo wako wengi, na si wajinga, ambao bado huuliza seneta ana kazi gani hasa. Gavana huonekana kwa barabara na zahanati. Mjumbe wa Bunge huonekana kwa karo za watoto wa shule. Lakini seneta huenda Nairobi, huketi katika baraza, husimama akasema, kisha huketi tena.

Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu lake katika nchi ya Kaputiei halipatikani ila kwa kutazama ardhi. Hakuna pengine katika Kenya ambapo maneno yaliyosemwa au yaliyoachwa kusemwa barazani yamegeuza sura ya nchi kuliko hapa.

Wamasai walikwisha kujua thamani ya maneno ya maandishi kabla ya nchi nyingine za bara. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha kutoka Bonde la Ufa na kuwaahidi Laikipia. Mkataba wa mwaka 1911 ukawatoa Laikipia na kuwaleta kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi iliyojulikana kwa jina la Ole Njogo, waliambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa ni baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Fundisho walilolipata ni kwamba ahadi isiyokuwa na mlinzi ndani ya sheria haina nguvu. Ndiyo sababu katika mashauri ya katiba kule Lancaster House, London, mwaka 1962, wajumbe wa Kimasai walishikilia sana jambo la ardhi kuliko jambo la vyeo.

Katiba iliyotoka katika mashauri yale, ambayo ndiyo iliyotumika Kenya ilipopata madaraka mwaka 1963, ilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wajumbe na Seneti. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa Nairobi. Yaani Kajiado, yenye mbuga kubwa na watu wachache, ilikuwa na sauti sawasawa na wilaya iliyojaa watu. Tena kulikuwa na kufuli. Vifungu vikubwa vya katiba, pamoja na vile vilivyohusu ardhi za makabila, havikuweza kubadilishwa isipokuwa kwa kura za robo tatu ya Baraza la Wajumbe na tisa kwa kumi ya Seneti. Mwenye kupenda hesabu ataona maana yake mara moja: tisa kwa kumi ya 41 ni kura 37. Maseneta watano tu walitosha kulizuia jambo zima.

Kufuli ile haikudumu. Chama cha KADU, ambacho ndicho kilichoitaka, kilijivunja tarehe 10 Novemba 1964, na wajumbe wake wakavuka kuketi upande wa Serikali. Mwaka 1965 kiasi cha kura kilichotakiwa kikashushwa kuwa asilimia 65 katika kila baraza. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria ya kuyaunganisha mabaraza mawili kuwa moja. Maseneta 41 hawakufukuzwa. Walipewa majimbo mapya na kuwa wajumbe wa kawaida pamoja na wale 117 waliokuwapo, jumla 158. Hapo ndipo penye ujanja wa jambo lenyewe, kwa maana ni taabu mtu kukipigia kura ya kukataa kitu kinachomwachia mshahara wake na kumwongezea siku za kuketi. Raia wa Kajiado hawakuulizwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1968, zilitoka sheria mbili ambazo kila mzee wa Kaputiei anazijua kwa matokeo yake, hata kama hajui majina yake: ile ya kupima na kuamua haki za ardhi, na ile ya wawakilishi wa vikundi, ambayo ndiyo iliyozaa ranchi za pamoja. Shabaha yake haikuwa mbaya. Ukame wa mwaka 1960 na 1961, uliofuatwa na mafuriko, ulikuwa umeua ng'ombe wengi mno, na watu walikuwa wakitafuta njia ya kupata majosho, visima na mikopo. Tume ya Bw. Lawrance, iliyofanya kazi mwaka 1965 na 1966, ilipendekeza kwamba mahali pa wafugaji ardhi iandikishwe kwa jina la kikundi badala ya mtu mmoja mmoja. Wamasai wengi walikubali, na kwa sababu ya busara: waliona kwamba ardhi yenye hati haitachukuliwa upesi kama ardhi isiyokuwa na hati.

Lakini ndani ya hati ile ile kulikuwa na mlango wa kutokea. Kikundi kiliweza kukubaliana kujigawa. Ranchi ya Kitengela, iliyokuwa na hekta zipatazo 18,000, iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama wake wapatao mia mbili na zaidi kidogo. Na mwaka uo huo, ama karibu yake, mipango ya viwanda vya kuuza nje ilikuwa ikianzishwa kule Athi River, mwendo mfupi kutoka hapo. Mtu mwenye hati mkononi, mwenye watoto wa kusomesha, na ambaye mvua imemnyima malisho, akijiwa na mnunuzi mwenye fedha taslimu, atafanya nini? Wengi waliuza ekari chache, kisha ekari nyingine. Mwaka 2009 mji wa Kitengela ulihesabiwa kuwa na watu 58,167. Mwaka 2019 walikuwa 154,436. Nyumba na nyua zikafuata barabara ya Namanga kwenda kusini, zikapita Kisaju, zikaelekea Isinya. Nyumbu waliokuwa wakitoka katika mbuga ya wanyama ya Nairobi kuja Kaputiei wakati wa mvua wakakuta nyua zimewakatia njia, na ng'ombe nao wakakuta vivyo hivyo.

Je, Seneti ingaliyazuia haya yote? Si haki kusema hivyo. Sheria za mwaka 1968 huenda zingalipita hata katika mabaraza mawili, na hakuna seneta awezaye kumkataza mtu kuuza kilicho chake. Kilichopotea ni kitu kidogo zaidi, nacho ni pahali ambapo jambo la wilaya moja lingalisemwa kwa jina lake na kujibiwa kabla halijawa sheria. Katika Bunge moja la watu 158 sauti ya Kajiado ilikuwa kama kengele ya mbuzi mmoja katika kundi.

Nchi nyingine zimelipima jambo hili kwa namna nyingine. Ayalandi ni nchi ndogo ya wakulima na wafugaji, nayo pia ilitawaliwa na Uingereza. Seneti yake ina watu 60 na nguvu chache sana: mswada uliopitishwa na baraza la chini inaweza kuuchelewesha kwa siku 90 tu, na mswada wa fedha kwa siku 21. Mtu angedhani seneta wa namna hiyo ni pambo. Lakini mshairi William Butler Yeats, aliyekuwa seneta tangu mwaka 1922 hata 1928, alisimama mwezi wa Juni 1925 kupinga mpango wa kuzuia talaka, akisema kuwa ni dhuluma kwa wale wachache wasiokuwa Wakatoliki. Hakushinda. Talaka ilikuja kuruhusiwa kwa kura ya wananchi mwaka 1995, miaka sabini baadaye. Bi. Mary Robinson aliingia Seneti hiyo mwaka 1969 akiwa mwanasheria kijana, na mwaka 1971 akaleta mswada juu ya uzazi wa mpango, ukakataliwa hata kusomwa mara ya kwanza. Sheria juu ya jambo lilo hilo ilipitishwa mwaka 1979. Yeye mwenyewe akawa Rais wa nchi ile mwaka 1990, na watu wa Afrika Mashariki wamkumbuka kwa safari yake ya Somalia mwaka 1992, wakati wa njaa, alipokuja Nairobi kuyaeleza mataifa aliyoyaona.

Tarehe 4 Oktoba 2013 wananchi wa Ayalandi waliulizwa kwa kura kama Seneti yao ivunjwe. Waliokataa isivunjwe walikuwa asilimia 51.7. Mwaka huo huo, tarehe 4 Machi, Wakenya walikuwa wamepiga kura kuwachagua maseneta wa kwanza baada ya miaka arobaini na zaidi.

Seneti hii mpya ya Kenya, iliyoletwa na katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, haina kufuli ya kura 37. Ina maseneta 47 waliochaguliwa na kaunti na 20 walioteuliwa. Nguvu yake kubwa ni mbili: kushauri miswada inayohusu kaunti, na kuamua kaunti zitagawana fedha kwa kipimo gani. Nguvu ya kwanza imeleta magomvi hata mahakamani. Mwezi wa Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria 23 kwa kuwa hazikupelekwa kwa maseneta, ingawa Mahakama ya Rufani iliipunguza hukumu hiyo mwaka uliofuata.

Nguvu ya pili ndiyo iliyoonyesha ugumu wa kazi ya seneta wa Kajiado. Mwaka 2020 Seneti ilijadili kipimo kipya kwa muda mrefu, ikaahirisha mara nyingi, na maseneta watatu wakakamatwa na polisi tarehe 17 Agosti, mmoja wao akiwa wa Samburu. Waliotaka fedha zifuate hesabu ya watu walisema mtu ni mtu popote alipo. Wale wa nchi kavu walisema kwamba zahanati moja katika mbuga huhudumia nchi ambayo kwingine ingekuwa na zahanati kumi. Kajiado ni yote mawili. Ina eneo la kilomita za mraba karibu 21,900, na ina watu 1,117,840 kwa hesabu ya mwaka 2019, wengi wao wakiwa wamesongamana Kitengela, Ngong na Ongata Rongai. Kipimo kikihesabu vichwa, wilaya hupata kwa ajili ya miji. Kikihesabu eneo, hupata kwa ajili ya wafugaji. Kipimo kilichopitishwa tarehe 17 Septemba kiliipa idadi ya watu asilimia 18 na eneo la ardhi asilimia 8, kwa sharti kwamba kisianze kutumika mpaka fungu la kaunti zote lifike shilingi bilioni 370. Kwa sharti hilo hakuna kaunti iliyopunguziwa fungu lake, na bila ya mabishano yale marefu sharti hilo lisingalipatikana.

Sheria ya Ardhi za Jamii ilipitishwa mwaka 2016. Inataka kwamba ardhi ya jamii isiuzwe bila kibali cha theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa. Kwa Kitengela ilikuja miaka 28 baada ya ranchi kugawanywa. Ina kazi bado katika sehemu za Kajiado ambazo hazijakatwa vipande.

Kwa walioko Kisaju, ambao mashamba yao yana hati za watu binafsi, yaliyosalia ni mashauri ya mipango ya miji, kodi za ardhi, maji, na njia za mifugo. Haya ni mambo ya serikali ya kaunti, na kazi ya kuichunguza serikali ya kaunti juu ya fedha zinazotoka Nairobi amepewa seneta. Kifungu cha 119 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kulipelekea Bunge ombi juu ya jambo lolote lililo katika madaraka yake, na kifungu cha 120 chasema kwamba lugha za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ishara ya Kenya. Ombi huandikwa likatiwa sahihi au alama ya kidole, likapelekwa kwa Karani wa Seneti au likakabidhiwa seneta mwenyewe alisome barazani.