Mbabula, resho ao induksio: tupikie nini?



Wengi wetu ku nyumba tunatumwa kuwasha mbabula. Sasa watu wanaongea habari ya jiko la induksio, lenye kioo, lisilo na moto. Je, linatufaa hapa Lubumbashi? Tuangalie.

1. Mbabula. Inapika maharagi vizuri, na bukari tunaisonga bila sufuria kuteleza. Lakini makala inamaliza miti ya pori letu. Tena inatoa hewa ya sumu (CO), isiyo na rangi wala harufu. Siku za baridi, mwezi wa 6 na wa 7, kuna watu wanaoingiza mbabula ndani ya chumba, wanafunga dirisha, wanalala. Asubuhi hawaamuki. Wapendwa, mtu asijaribu hata siku moja!

2. Resho. Waya unapata moto, kisha moto unaingia katika sufuria. Kila sufuria inafaa, lakini moto mwingine unapotea pembeni.

3. Induksio. Ni kazi ileile aliyoivumbua Faraday mwaka 1831, tunayoisoma katika fizikia. Chini ya kioo kuna bobini ya waya wa shaba. Umeme unageukageuka ndani yake mara maelfu kwa segonde moja, na nguvu ya sumaku inazaa umeme mwingine katika kitako cha sufuria. Njo sufuria yenyewe inapata moto. Kwa hiyo sufuria zetu za aliminyumu hazifai, inatakiwa chuma. Kupima ni rahisi: weka sumaku ku kitako. Ikishika, ni sawa.

Tulipiga hesabu: kwa jiko la wati 2000, litre 2 za maji zinachemka kwa dakika 7 hivi. Lakini wati 2000 kwa volti 220 ni ampere 9. Waya mwembamba wa kuungaunga utaungua, na nyumba pamoja nao. Na umeme ukikatika, chakula kinabaki kibichi.

Basi tuchague namna gani? Mwenye umeme wa kutosha na waya mzuri, induksio inamufaa, lakini asitupe mbabula yake. Asiye nao, apikie mbabula inje, aloweshe maharagi tangu usiku, afunike sufuria: makala itadumu.

Mungu alitupa akili. Tuitumie hata mu jikoni.