Je, Wajua? Migori na Homa Bay Zaweza Kukagua Rula ya Rubani

Je, wajua kwamba miji ya Migori na Homa Bay iko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, na kwamba umbali kati yake unafaa kukagulia rula ya duara ya rubani?

• Maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, ni sawa na dakika moja ya latitudo. Miji hii imetengana kwa takriban dakika 32: maili 32 angani.

• Rula hiyo, iliyobuniwa na Mmarekani Philip Dalton miaka ya 1930, ina diski inayozunguka. Kwanza linganisha 10 ya skeli ya ndani na 10 ya skeli ya nje. Mistari ya skeli zote mbili lazima ikutane duara zima. Ikikutana upande mmoja na kupishana upande wa pili, diski haijakaa katikati.

• Kisha weka 60 ya ndani dhidi ya 96 ya nje, kasi ya maili 96 kwa saa. Mkabala na 20 lazima usome 32: safari ya dakika 20 hewa ikiwa tulivu.

Skeli ikikosea asilimia 5, safari ya saa 2 hukosewa kwa dakika 6, na mafuta ya dakika hizo lazima yawe kwenye tangi.