Safari ya Cape Town Wakati wa Kipupwe: Nani Alisema Ng'ambo ni kwa Matajiri?

Wengi wetu tukisikia kwamba fulani amekwenda ng'ambo kutembea, twadhani mara moja kwamba ana pesa za kumwaga. Si lazima. Bei ya safari hupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni. Wageni wakijaa, inapanda. Wakitoweka, inashuka. Hata hapa kwetu pwani jambo hili linajulikana: mwezi wa Mei, masika yakinyesha, hoteli za Diani na Malindi huteremsha bei, na nyingine hufunga milango kabisa. Katika makala haya nitaeleza vile nilivyopanga safari ya Mama ya siku 10 kwenda Cape Town, Afrika Kusini, mwezi wa Agosti, ili mwanachama yeyote mwenye jamaa huko nje ajue pa kuanzia.

Dada yangu anasoma chuo kikuu huko, na Mama alikuwa hajamtia machoni kwa miaka mitatu. Mama ni muuza mboga. Kila Desemba alikuwa akiuliza bei ya tiketi, na kila Desemba alikuwa akirudi nyumbani kimya. Mwaka huu alinipa daftari akaniambia, "Wewe si ndiye wa hesabu? Haya, nitafutie njia." Akiba yake kutoka kwa chama chao cha akina mama ilikuwa shilingi 92,000. Hakukuwa na nyingine.

Kwanza ni jiografia. Cape Town iko karibu digrii 34 kusini mwa ikweta, na kwa kuwa dunia imeinama kwenye mhimili wake, majira ya kule ni kinyume na ya Ulaya. Desemba kuna joto, shule zimefungwa, Wazungu wamekimbia theluji yao, na mji unafurika. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Tena sehemu kubwa ya Afrika Kusini hupata mvua wakati wa joto, lakini Cape Town hupata yake wakati wa baridi, kwa hivyo mgeni anakutana na baridi na mvua kwa pamoja. Ndiyo sababu wageni wengi hawaji, na ndiyo sababu bei inashuka. Hata mchana hupungua. Sisi tumezoea saa 12 za mwangaza mwaka mzima, lakini kule mwezi wa Juni jua huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na mbili jioni. Usiku wa kipupwe waweza kufika digrii 7 au 8, na mchana 17 au 18. Mtu wa Limuru atacheka na kusema hiyo ni Julai yake ya kawaida! Lakini nyumba nyingi za huko hazina mitambo ya kupasha joto kama za Ulaya, basi baridi ya nje inakufuata mpaka kitandani.

Nisiisingizie mvua hiyo, lakini. Ndiyo inayojaza mabwawa ya mji. Baada ya ukame mkali, mapema mwaka wa 2018 wakazi waliambiwa watumie lita 50 tu za maji kwa siku kila mtu, na ilibaki kidogo mifereji ifungwe. Mgeni anayelalamika kwamba amenyeshewa Cape Town hajui analolalamikia.

Sasa, kipupwe chote si sawa, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Kati ya Juni na Julai shule za Afrika Kusini huwa na likizo, na wenyeji wenyewe husafiri. Karibu na mwisho wa Julai, kile kigari kinachoning'inia kwenye waya hadi juu ya Mlima wa Meza kwa kawaida hufungwa siku kadhaa ili kifanyiwe matengenezo. Tarehe 9 Agosti ni sikukuu yao ya wanawake. Baada ya hapo mambo hutulia. Isitoshe, mwezi wa Agosti nyangumi huwa wamekuja kutoka bahari za barafu za kusini kuzalia katika ghuba ya Hermanus, kiasi cha kilomita 120 kutoka Cape Town, na mtu huwaona akiwa amesimama tu ufuoni bila kulipa mashua. Nikachagua nusu ya pili ya Agosti. Tiketi ya Desemba tuliyoulizia ilikuwa shilingi 98,000. Ile ya Agosti, kwenda na kurudi, ilikuwa 61,000.

Kuna rafiki aliyenishauri eti Mama ashukie Johannesburg kisha apande basi. Nauli ya ndege ingepungua, ni kweli. Lakini kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni kama kilomita 1,400. Hiyo ni karibu siku nzima ndani ya basi, na chakula cha njiani, halafu arudi vivyo hivyo. Siku mbili kati ya 10 zingeishia barabarani. Nikakataa.

Upande wa karatasi, tangu tarehe 1 Januari 2023 Mkenya haombi viza ya matembezi ya Afrika Kusini kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Hiyo peke yake ni pesa na foleni ambazo watu wa zamani hawakuepuka. Mama alihitaji pasipoti, tiketi ya kurudi, barua ya Dada ya kumkaribisha, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho watu hukisahau! Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo haihesabiwi, lakini ukishachomwa ni ya maisha. Ningetaka kwenda naye, lakini tiketi ya pili ingetoka wapi? Na mtu wa umri wangu, miaka 16, ni vizuri awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ruhusa ya wazazi.

Haya, hesabu. Pasipoti 7,500, chanjo 2,500, tiketi 61,000. Zilibaki 21,000. Katika hizo nilitoa 6,000 za dharura, ambazo Mama aliapa hatazigusa, na 3,000 za kwenda na kutoka viwanja vya ndege. Zikabaki 12,000. Randi moja wakati huo ilikuwa shilingi 7 na kitu, lakini mimi nilihesabu kwa shilingi 8 ili bei ikibadilika Mama asiaibike huko ugenini. Basi alikuwa na randi 1,500. Malazi hayakuwa na gharama kwa vile angelala chumbani kwa Dada, mtaa wa Observatory, na wangejipikia.

Watu wengi hugawanya pesa sawasawa kwa kila siku. Mimi naona hiyo si njia nzuri wakati wa kipupwe, kwani katika msimu huu kinachokosekana ni siku nzuri, si pesa tu. Mama alitaka jambo moja kuliko yote, nalo ni kukanyaga Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela miaka 18 kati ya miaka yake 27 ya kifungo. Boti huondoka bandarini mjini, lakini bahari ikichafuka haiondoki. Mgeni wa siku tatu anaweza kurudi kwao bila kukiona kisiwa. Kwa hivyo kisiwa nilikiweka siku ya pili, si ya mwisho, nikaacha siku tatu tupu za akiba. Hermanus nikaiandika "siku yoyote ya jua". Kigari cha mlimani nilikifuta: mawingu hukaa juu ya mlima ule wiki nzima, na sioni maana ya kulipia kuangalia ukungu.

Siku za mvua nilizijaza na vitu vya bure au vya bei ya chini. Kimoja ni Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi nyingi wenye msikiti wa Auwal, ulioanzishwa 1794. Waislamu wa Cape Town waliwahi kuandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wetu wa Lamu walivyoandika Kiswahili. Sijui kama kuna mwanachama aliyekuwa akijua hilo.

Mavazi hayakutusumbua. Koti zito lisilopenya maji lilitoka mitumbani, na sweta mbili. Mwavuli tuliuacha kwa sababu upepo wa kule huugeuza ndani nje. Vita vilikuwa juu ya sukuma wiki. Mama alitaka kumbebea Dada kifurushi kizima! Nikamweleza kwamba mboga mbichi haziingizwi nchini mle bila kibali. Alinuna, kisha akabeba majani ya chai.

Siku ya pili bahari ilichafuka, na ya tatu pia. Siku ya tano boti ikatoka, Mama akatapika njiani, akakiona chumba cha Mandela, akasema ni kidogo kuliko kibanda chake cha mboga. Hermanus walikwenda siku ya nane kwa gari la rafiki ya Dada, wakachangia petroli, wakaona nyangumi wanne. Siku mbili nzima hawakutoka nje kwa ajili ya mvua. Nilipomwuliza Mama ni siku zipi alizozipenda zaidi, alizitaja hizo mbili: walijifunika blanketi moja, wakapika ugali, wakaongea mpaka usiku wa manane. Zile 6,000 alizirudisha zote, na randi 110 juu yake.