Kisiwa Kisicho na Kisima

Kusini-magharibi mwa Mji wa Zanzibar, mwendo wa kama kilomita 13 kwa mashua, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Urefu wake ni takriban kilomita moja, na upana wake ni mdogo zaidi. Kimefunikwa na msitu uliootea juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Kisiwani hakuna kisima, hakuna mfereji wa maji, wala hakuna waya wa umeme uliovuka bahari kukifikia. Hata hivyo watu hulala huko, hupika, huoga na kuswali. Namna wanavyoyaweza hayo ndiyo maudhui ya makala haya, kwa sababu naona yanatuhusu sisi wa Mombasa, Lamu na Pate kuliko yanavyowahusu watalii wanaotoka mbali kuja kuyastaajabia.

Waingereza walijenga mnara wa taa kisiwani hapo mwaka 1904 ili kuongoza meli, na mnara huo ungali umesimama. Karibu yake upo msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya mlinzi wa taa na ahali zake, kwa mtindo wa Kihindi ambao ni nadra kuonekana katika misikiti ya Unguja. Nilikaa kitambo ndani yake nikiwafikiria watu wale. Maji yao ya udhu ama yalishuka kutoka mawinguni, ama yaliletwa na chombo. Naamini aliyeijua vyema hesabu ya maji hayo ni mke wa mlinzi, wala si mlinzi mwenyewe.

Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza matumbawe ya upande wa magharibi kuwa hifadhi, na utunzaji wake ukakabidhiwa kampuni binafsi iliyoanzishwa kwa kazi hiyo. Wavuvi wa vijiji vya jirani walifunzwa wakawa walinzi. Fedha za wageni ndizo zinazolipia ulinzi huo na masomo ya watoto wa skuli wanaoletwa kuitazama bahari. Mabanda ya kulala wageni ni saba tu.

Kila banda ni kisima chake lenyewe. Paa pana la makuti hukinga mvua, maji hupita katika chujio, kisha huingia katika birika lililojengwa chini ya sakafu ya sebule. Mgeni aketipo kutazama bahari, ameketi juu ya maji yake. Kutoka birikani maji hupandishwa kwa pampu ya mkono, hupashwa moto kwa jua, ndipo yafike bafuni. Yakishatumika hayamwagwi ovyo: huchujwa tena, yakaishia katika kitalu cha mimea inayonyonya mabaki ya sabuni, yasije yakateremka kuyaua matumbawe. Taa huwaka kwa nguvu za jua. Choo hakina maji ya kuvuta. Ni choo cha mboji, ambamo uchafu hufunikwa kwa majani makavu ukaoza taratibu hadi ukawa udongo, na bomba linalosaidiwa na upepo huondoa harufu.

Mama watoto ndiye aliyeuliza kwanza: “Na maji ya kustanji, Sheikh?” Swali lake lilikuwa la haki. Choo cha mboji hakipendi kurowa; kikirowa sana, uozo hukatika na harufu huanza. Lakini kustanji hakukuwekewa sharti la ndoo. Kopo dogo hutosha, na aliyezoea kopo nyumbani hapati tabu. Tumepokea katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi mmoja, ambao ni kama kibaba chetu, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri vikiunganishwa. Binti yetu alijaza maji birika ndogo ya chai, akatawadha nayo udhu kamili, na ya kumwagilia mche yakabaki. Anayetaka kujipima nyumbani na aweke beseni chini ya mfereji wakati wa kutawadha, kisha atazame kilichokusanyika humo. Mimi nimelifanya jaribio hili na wanafunzi wa madrasa, na hakuna darsa la israfu walilolikumbuka kama hilo.

Kuhusu sitara, ambayo najua akina mama wanaingojea: mabanda yamepangwa ukingoni mwa msitu na kila moja limeelekea bahari. Feni na kiyoyozi hakuna. Upande wa mbele wa chumba cha kulala hufunguliwa, upepo ukaingia. Usiku njia hazina taa, kwani wapo viumbe watembeao gizani. Mtu hushika tochi. Mmoja wao ni kaa wa nazi, anayeweza kufikia kilo nne, naye ndiye kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani. Mwingine ni paa nunga, mnyama adimu aliyehamishiwa kisiwani ili kizazi chake kisalimike. Huyu tunaye hata huku kwetu, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ingawa wengi wetu hupita Gede kwenda Malindi bila ya kumjua.

Watoto wa skuli hutiwa majini wakiwa na vielezo na miwani ya kuchungulia, wasichana kwa wavulana, wakaonyeshwa kwamba tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ni ajabu mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni kulijua hilo kwa mara ya kwanza darasani. Lakini hilo ni la makala nyingine.

Narudi kwenye maji. Wazee wetu hawakuhitaji kufunzwa birika la mvua. Kisiwani Pate, watu wa Faza na Siyu wanayajua majabia yao. Mvua ikikosekana, jabia hukauka na safari ya maji huwaangukia wanawake na watoto. Mombasa tumejisahau kwa kuwa maji yetu hutoka mbali: Baricho, Marere, na chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Mfereji ukikauka, mama hukaa mlangoni kusubiri mkokoteni wa mitungi, akalipa bei aliyotajiwa, huku mvua iliyopita imeteremka paani pake ikaingia mtaroni.

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya kawaida yenye paa la mabati la mita za mraba 60 hupokea lita 60 kwa kila milimita. Mombasa hupata kwa wastani mvua inayozidi kidogo milimita 1,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 60,000. Tukitoa moja ya tano kwa kupotea, hubaki 48,000, yaani mitungi 2,400 ya lita 20. Tangi la lita 5,000 hujazwa na mvua ya milimita mia na ushei, na mwezi wa Mei kwa kawaida huzidi kiasi hicho peke yake. Gharama ya tangi ni nzito kwa nyumba moja, sikatai. Nyumba tatu za ndugu wanaokaa ua mmoja zinaweza kushirikiana, na msikiti wenye paa kubwa hauna udhuru.

Atakayeanza aanze kabla ya masika. Mvua za kwanza ziachwe zipite, zioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, ndipo maji yaelekezwe tangini. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba, na ya kunywa yachemshwe. Katika nyumba za kale za Lamu, birika lilitiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa lilijengewa bakuli la kaure, ili birika likipungua maji, samaki wapate pa kukaa.