Pumzi ya Kuhesabu Kumi

Kila alfajiri baada ya swala, shangazi yangu aliketi barazani kwake Pangani, akavuta pumzi, akaizuia na kuhesabu mpaka kumi. Akimaliza bila kukohoa husema, "Alhamdulillahi, sina korona," kisha huyo, sokoni na misibani, bila barakoa.

Kipimo hicho alikipata kwenye grupu letu la ukoo la WhatsApp, Machi 2020, mwezi uleule Shirika la Afya Duniani lilipoitangaza korona kuwa janga la dunia. Ujumbe ulidai umetoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Chuo kiliukana, na Shirika nalo likaeleza kwamba kuzuia pumzi hakupimi korona. Makanusho hayo hayakufika Pangani. Ujumbe ulifika, tena kutoka kwa kaka yetu aliyeko Muscat, ambaye shangazi alimlea.

Mimi ni muuguzi. Niliusoma, nikajua ni uongo, nikanyamaza, maana kaka ni mkubwa kwangu na sikutaka kumwumbua mbele ya ukoo. Ukimya ule unaniuma hadi leo.

Mwaka uliofuata shangazi akashikwa na homa. Nilipombana kidoleni kipimo cha oksijeni, kikasoma 86. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida husoma 95 au zaidi.

"Mwanangu, mbona asubuhi nimefika kumi?"

Alifika kweli. Korona inaweza kushusha oksijeni mwilini mgonjwa asihisi kubanwa pumzi, na wengi huibeba na kuiambukiza kabla ya kukohoa hata mara moja. Ndiyo maana mimi huogopa zaidi ujumbe wa kufariji. Wa kutisha angalau humtoa mtu nyumbani akaulize; huu ulimwambia shangazi hakuna la kuuliza.

Aprili 2020 WhatsApp iliweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa mno, ule wenye mishale miwili, upelekwe kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati mmoja. Watu wakaunakili na kuubandika upya. Mishale ikapotea, maneno yakaonekana ameyaandika ndugu mwenyewe.

Shangazi alikaa siku tisa kwenye oksijeni, akarudi nyumbani. Haukupita mwezi, kaka akauleta tena ujumbe uleule. Safari hii nilimpigia simu faragha, nikamwamkia, nikamweleza. Tukiwa bado tunazungumza, sauti ya shangazi ikaingia grupuni, pumzi zikimkatikakatika:

"Mwanangu, mimi nilifika kumi."