Miguu Isiyotulia Usiku: Si Uchawi, Wala Si Utovu wa Adabu



Tunaanza na jambo lililotokea katika kikundi kimoja cha akina mama hapa upande wa Bisil. Mama mmoja wa miaka kama hamsini alikuwa akiinuka kila mara katikati ya mkutano. Anakaa dakika kumi, anasimama, anatoka nje, anazunguka mti, anarudi. Mikutano ya mchana alikuwa anajikaza. Lakini ile inayosogea hadi jioni, wakati wa kuhesabu pesa za merry-go-round, hakuiweza kabisa. Katiba ya kikundi inasema anayetoka bila ruhusa atalipa faini ya shilingi 50. Alilipa mara nane. Kisha maneno yakaanza: ati anadharau viongozi, ati anatoka kupiga simu, na wengine wakasema kuna kitu amefanyiwa. Ikafika mahali jina lake lilitaka kuondolewa, na zamu yake ya kupokea pesa ilikuwa bado.

Tulimtembelea bomani kwake. Alituambia hivi: "Nikilala tu, ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa. Si kwa ngozi, ni ndani. Nikisimama wanatulia. Nikilala tena wanarudi." Usiku alikuwa akitembea ndani ya boma mpaka mbwa wakamzoea. Mzee wake alikuwa amehamia nyumba nyingine kwa sababu ya mateke. Na hapa ni lazima tukiri kosa letu: mara ya kwanza tulidhani ni mawazo tu, tukamshauri apumzike. Kumbe kupumzika ndiko kulikokuwa kunamtesa!

Shida hii ina jina. Ni ugonjwa wa miguu isiyotulia, na madaktari huuandika kwa herufi tatu, RLS. Daktari Mwingereza, Thomas Willis, aliandika habari zake mwaka 1672. Halafu mwaka 1945 daktari wa Uswidi, Karl-Axel Ekbom, akaueleza vizuri na kuupa jina. Kwa hiyo si jambo la juzi. Huko Ulaya na Marekani, kati ya watu wazima 100, watano hadi kumi husema wana dalili zake, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Huku kwetu unaonekana kuwa haba zaidi. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba kaskazini mwa Tanzania, na katika taarifa yao ya mwaka 2010 waliopatikana nao walikuwa wachache mno. Sasa, uhaba huu una ubaya wake. Mgonjwa anakuwa peke yake, jirani hajawahi kusikia, na hata kliniki anaweza kukutana na mhudumu ambaye hajawahi kumwona mtu wa namna hii.

Utaujuaje? Hakuna picha ya eksirei wala kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa wenyewe. Unajulikana kwa kuuliza na kusikiliza, na maswali ni manne. Je, kuna hamu kubwa ya kusogeza miguu, hamu isiyozuilika, mara nyingi pamoja na mwasho au mvuto au kutambaa kwa ndani? Je, inaanza au kuzidi ukiwa umekaa au umelala? Je, ukitembea au kujinyoosha inapungua, walau kwa muda ule unaotembea? Na je, jioni na usiku ni mbaya kuliko asubuhi? Mtu akijibu ndiyo kwa yote manne, kuna sababu nzuri ya kumpeleka kwa daktari na kutaja herufi zile tatu. Tunasisitiza yote manne kwa sababu hapa Kajiado miguu inauma kwa sababu nyingi. Brucella, ile ya maziwa mabichi, inaleta homa na maumivu ya viungo, wala hayaondoki kwa kutembea. Baadhi ya visima vyetu vina floridi nyingi, nayo ikikaa miaka mingi mwilini hukaza mifupa na kuleta maumivu. Ugonjwa wa sukari huharibu mishipa ya fahamu, nyayo zikawaka moto mchana na usiku. Na kuna kukazwa na msuli wa ndama ghafla usiku, ambako karibu kila mtu anakujua. Haya yote yana matibabu yake mbalimbali. Mama yetu alikuwa amemeza dawa za brucella mara mbili bila kupimwa.

Chanzo ni nini? Kwa wengine ni damu ya ukoo. Ukiuliza vizuri utasikia kwamba hata koko, yaani bibi, alikuwa halali. Lakini jambo tunaloweza kulifanyia kazi sisi watu wa kijijini ni madini ya chuma. Ubongo unahitaji chuma ili kuendesha kemikali moja iitwayo dopamini, ambayo inahusika na kuongoza mwendo wa mwili. Chuma kikipungua kwenye ubongo, miguu hukosa amani, hasa jioni.

Hapa watu wengi hudanganyika. Wanapimwa damu, wanaambiwa damu iko sawa, wanarudi nyumbani. Fikiria mtungi wa maji jikoni na tangi nyuma ya nyumba. Mtungi unaweza kuwa umejaa na tangi limebaki matope. Kipimo cha kawaida cha damu kinaangalia mtungi. Kipimo cha tangi kinaitwa feritini, na mgonjwa wa miguu isiyotulia ana haki ya kukiuliza. Daktari anayeufahamu ugonjwa huu anaweza kuanza kutoa chuma feritini ikiwa 75 au chini yake, ingawa karatasi ya maabara inaweza kusema kiwango hicho ni cha kawaida. Si kila maabara hufanya kipimo hiki, kwa hiyo ulizeni kwanza, tena ulizeni na bei, kabla ya kupanda matatu.

Mtu atasema, Mmaasai atakosaje chuma na nyama iko? Tumeyaona mabadiliko kwa macho. Ukame ule uliokwisha mwaka 2023 ulimaliza ng'ombe wa watu wengi, na kuna boma leo ambazo nyama inaonekana siku ya sherehe tu. Chakula ni ugali, kabeji na chai. Na chai ndiyo adui mkimya katika habari hii. Majani ya chai hukamata chuma cha chakula tumboni kisiingie mwilini, na maziwa nayo huongeza kizuizi. Mtu anakula maharagwe na sukuma wiki, halafu palepale anateremsha kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Hatusemi muache chai, nani atatusikiliza? Tunasema iwe mbali na chakula, saa moja au mbili hivi. Chungwa, limau au nyanya pamoja na mboga husaidia chuma kuingia. Maini na nyama nyekundu ni bora zaidi. Damu ya ng'ombe waliyokunywa wazee wetu ilikuwa na chuma kweli, ila ikiwa mbichi inaweza kubeba magonjwa.

Tembe za chuma zisinunuliwe kwa kubahatisha, maana kuna watu wenye chuma kingi tayari, na kikizidi hudhuru ini na moyo. Ukiandikiwa na daktari, meza kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likifunga, mweleze daktari, kwani wengine hupewa kumeza siku moja na kuruka moja. Na fungieni tembe hizo mbali na watoto. Mtoto mdogo akizila nyingi zinaweza kumuua.

Wajawazito tuwataje peke yao. Katika tafiti nyingi, karibu mama mmoja kati ya watano hupata miguu isiyotulia akiwa na mimba, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa walio wengi huisha baada ya kujifungua. Tembe za chuma na foliki wanazopewa kliniki ni za kumezwa, si za kuwekwa kwenye kopo juu ya kabati kama tunavyoziona katika nyumba nyingi!

Sasa turudi kwa mama yetu, kwa maana alikuwa ameingia katika mtego ambao wengi wenu mmo. Kwa sababu ya miguu alikuwa ananunua Brufen na Diclofenac kwa kemisti, karibu kila siku, miaka mitatu. Dawa hizi hazitulizi ugonjwa huu. Lakini zikitumika muda mrefu zinaweza kuchubua tumbo, damu ikavuja kidogo kidogo, na damu ikivuja chuma kinaondoka nayo. Tena zinaweza kuharibu figo, na wagonjwa wa figo ni miongoni mwa wale wanaoteswa zaidi na miguu isiyotulia. Ili apate usingizi alikuwa anameza Piriton. Dawa za jamii hii, zinazoleta usingizi, mara nyingi huzidisha miguu. Vivyo hivyo Plasil ya kutapika, na baadhi ya dawa za msongo na za akili. Hizi za mwisho usiziache wewe mwenyewe, mweleze aliyekuandikia. Kwa kifupi, mama alikuwa analipa pesa yake ili augue zaidi, wala hakuna aliyemuuliza swali.

Na ya nyumbani je? Chai na kahawa zikome alasiri. Pombe ya jioni huleta usingizi wa saa moja na kukuamsha na miguu. Wazee, hata ugoro, maana nikotini ni nikotini hata ikipitia puani. Kabla ya kulala, nyoosha ndama na mapaja, kanda miguu, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu; wengine husaidiwa na maji baridi, jaribu uone. Kutembea mchana ni kuzuri, ila kazi nzito sana ya jioni huweza kuchochea. Lala na kuamka saa zilezile. Kazi inayoshika akili hupunguza mateso, na mama huyu aligundua mwenyewe kwamba akishona shanga anaweza kukaa muda mrefu zaidi. Safari ya Nairobi, kaa kiti cha pembeni mwa njia. Kanisani, mwisho wa benchi.

Zipo dawa za hospitali kwa walioshikwa sana. Zamani madaktari walianza na zile zinazofanya kazi kama dopamini. Mwanzoni zinasaidia ajabu, lakini baada ya miezi au miaka ugonjwa unaweza kugeuka, ukaanza mapema mchana na kupanda hadi mikononi. Wengine wameshikwa na tamaa isiyozuilika ya kamari, na katika nchi hii ya kubeti hilo si jambo dogo. Siku hizi madaktari wengi hupendelea kuanza na gabapentini au pregabalini. Nazo zina kizunguzungu chake, haziendi na pombe, na haziazimwi kwa jirani.

Mama alipelekwa, akapimwa, feritini ikawa chini sana. Aliacha zile za kemisti, akaanza chuma kwa cheti cha daktari. Haikuwa wiki moja. Ilichukua kama miezi mitatu hivi kabla hajalala usiku mzima mara nne au tano kwa wiki. Bado ana siku mbaya. Mzee amerudi, ingawa anasema analala upande wa ukuta.

Kikundi nacho kilikaa. Kulikuwa na ubishi, kwa sababu mweka hazina alisema faini ikirudishwa mara moja, kila mtu atakuja na ugonjwa wake. Mwishoni walikubaliana kwamba mwenye barua ya kliniki anaweza kusimama nyuma na shanga zake bila kuomba ruhusa, na kwamba hesabu ya pesa ifanywe kwanza, kabla ya saa kumi. Shilingi 400 zake zilirudishwa mbele yetu, kwa noti za mia mia, na zamu yake ya merry-go-round ikaandikwa mwezi uliofuata.