Taa Inayowaka na Kuzimika: Utangulizi wa Kutafuta Hitilafu za ABS Katika Lori la Zamani

Huenda wewe ni fundi kijana aliyezoea spana kuliko nyaya, au ni dereva aliyechoka kuambiwa jambo tofauti katika kila gereji kuhusu ile taa ya manjano ya ABS. Asubuhi imewaka, mchana imezimika, jioni mvua iliponyesha ikawaka tena. Na ukimpelekea fundi gari, taa haipo. Hitilafu ya namna hii huwakatisha tamaa wengi. Mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu ina kanuni zake, na mwanafunzi mwenye subira huweza kuifikia akiwa na vifaa vichache tu.

Tuanze na msingi. ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasikwame dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu lililokwama huburuzika badala ya kuzunguka, na tairi inayoburuzika haifuati usukani. Kampuni ya Bosch iliuleta mfumo huu wa kielektroniki katika magari madogo ya Mercedes-Benz mwaka 1978, na mwaka 1981 kampuni za WABCO na Mercedes-Benz zikauingiza katika malori ya breki za upepo. Malori hayo ndiyo nitakayoyazungumzia hapa: yale ya volti 24, yenye miaka 15 na zaidi, ambayo mengi yalitumika Ulaya kabla ya kufika kwetu.

Mfumo wenyewe una sehemu nne. Ya kwanza ni ringi ya meno, yaani duara la chuma lenye meno linalozunguka pamoja na gurudumu. Ya pili ni sensa, kifaa kidogo kinachokaa karibu kabisa na meno hayo na kupima mwendo wa gurudumu. Ya tatu ni kompyuta ya ABS, inayopokea taarifa za sensa zote na kuzilinganisha. Ya nne ni vali za ABS, ambazo hupunguza upepo wa breki na kuurudisha mara kadhaa kwa sekunde pale gurudumu linapotaka kukwama. Sehemu hizi zote zimeunganishwa kwa nyaya na soketi, na huko ndiko tutakakotumia muda wetu mwingi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye sensa, maana ukiielewa hiyo, mengine yatafuata. Katika malori haya, sensa haipelekewi umeme, huuzalisha yenyewe. Ndani yake mna sumaku na koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Jino la ringi likipita mbele ya sumaku, nguvu ya sumaku hubadilika, na badiliko hilo huzalisha umeme katika koili. Jino hupita, uwazi hufuata, na umeme hupanda na kushuka. Umeme huo unaobadili mwelekeo kila mara huitwa mkondo geu. Gurudumu likienda kasi, mapigo yake huwa mengi na yenye nguvu. Likienda polepole, umeme hushuka hadi chini hata ya nusu volti. Kiasi hicho kidogo lazima kisafiri mita kadhaa kupitia tope, joto, grisi na mtikisiko hadi kwenye kompyuta.

Bila shaka utauliza: kama kuna kitu kimeharibika, mbona taa izimike yenyewe? Jibu ni kwamba kompyuta haioni kifaa. Inaona taarifa tu. Taarifa ikipotea, taa huwaka. Ikirejea, mifumo mingi huizima taa, pengine mpaka ufunguo ufungwe na kuwashwa upya, lakini kumbukumbu hubaki. Kumbukumbu hiyo huitwa msimbo wa hitilafu: namba inayoeleza taarifa ilipotea upande gani. Katika malori mengi ya zamani msimbo husomwa kwa kubonyeza swichi na kuhesabu jinsi taa inavyopepesa. Katika mengine huhitajika mashine. Kumbuka tu kwamba msimbo hukutajia mtaa, haukutajii nyumba. Ukisema "gurudumu la mbele kushoto", haujasema sensa imekufa. Tatizo laweza kuwa sensa, ringi, waya, soketi au beringi. Fedha nyingi hupotea hapa, mtu anaponunua sensa mpya na taa ikawaka wiki ileile.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, muulize dereva: taa huwaka lini? Ikiwaka lori linapoanza tu kuondoka, shuku kwamba sensa imekaa mbali na ringi, kwa kuwa katika mwendo mdogo umeme dhaifu ndio wa kwanza kupotea. Ikiwaka kwenye kona, tazama kama waya unavutwa usukani unapokatwa mpaka mwisho, au kama beringi ya gurudumu imelegea. Ikija na mvua au baada ya kuosha gari, tafuta soketi iliyoingia maji au waya uliopasuka ganda. Ikija na mashimo, tafuta kiungo kilicholegea. Na ikiwaka usiku ukiwasha taa kubwa, pima umeme unaofika kwenye kompyuta, hasa athi, yaani njia inayorudisha umeme kwenye betri kupitia chesisi. Kutu kidogo chini ya bolti ya athi huweza kuivuruga kompyuta nzima.

Sasa twende kwenye gurudumu lenyewe, tuseme lile la mbele kushoto. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu mengine, inua ekseli ya mbele kwa jeki na uiweke juu ya stendi imara. Chomoa soketi ya sensa na upime ukinzani wake, yaani kiasi ambacho koili inazuia umeme, unaohesabiwa kwa ohmu. Sensa nyingi za malori haya husoma kati ya ohmu 900 na 2,000. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kisha pima kati ya kila waya wa sensa na chesisi: hapo mita isionyeshe njia yoyote. Halafu weka mita kwenye volti za mkondo geu, na uzungushe gurudumu kwa mkono, nusu mzunguko kwa sekunde. Ukipata 0.2 au zaidi, sensa inafanya kazi. Huku mwenzako akizungusha, tikisa waya taratibu, kipande kwa kipande, kuanzia kwenye sensa. Pale namba inaporuka au kupotea, umefika. Rudia yote upande wa kulia ulinganishe.

Volti zikiwa ndogo na ukinzani ukiwa mzuri, usikimbilie kununua. Katika malori haya sensa haikufungwa kwa bolti. Imebanwa na bushi yenye springi ndani ya tundu lake. Beringi iliyolegea huifanya ringi iyumbe na kuisukuma sensa nyuma. Aliyefungua haba, yaani kitovu cha gurudumu, kubadilisha oilsili naye huweza kuiacha mbali. Safisha tundu, isukume sensa kwa mkono mpaka iguse ringi, kisha zungusha gurudumu: ringi yenyewe itaiweka mahali pake. Usiigonge kwa nyundo, sumaku na koili haviwezi kuvumilia. Baada ya hapo kagua beringi, la sivyo sensa itasukumwa tena.

Usitoboe ganda la waya kwa ncha ya mita, kwa sababu kila tundu ni mlango wa maji. Na ukiwasha ufunguo bila taa ya ABS kuonekana hata kidogo, usifurahi. Taa iliyo nzima lazima iwake kwanza, kompyuta ijikague, ndipo izimike. Katika baadhi ya malori husubiri mpaka gari litembee kidogo. Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, au kuna mtu ameichomoa ili mnunuzi asiulize.

Taa hii ikiwaka, breki za kawaida kwa kawaida zinaendelea kufanya kazi; kinachokosekana, kwa gurudumu moja au zaidi, ni kinga ya kukwama. Endesha polepole, acha nafasi kubwa mbele, na ukiona taa nyekundu au upepo umeshuka, simama. Kisha tafuta hitilafu kwa utaratibu uliousoma hapa: swali kwanza, jicho, mkono, mita, na pesa mwisho. Anza wiki hii na lori moja, andika katika daftari ulichopima katika kila gurudumu, na usikubali kamwe kumwondolea dereva taa yake badala ya kumwondolea hatari.